Wati chache, sauti ya kutosha: maswali ya wasomaji kuhusu amplifaya ndogo za vali

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, pokea salamu zangu. Mimi ni mpiga gitaa katika bendi ya watu wanne: dramu, besi, gitaa moja na mwimbaji. Tunapiga katika kumbi zinazoingiza watu hamsini hadi mia moja, na mara nyingi ni sauti ya mwimbaji peke yake inayopita kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti na kuzipeleka kwenye spika za ukumbi. Kwa miaka kadhaa nimebeba amplifaya ya wati 85 yenye spika mbili na uzito wa karibu kilo 29, na sijawahi kuifungua kupita namba 3 bila mtu kuziba masikio. Sasa nimeweka akiba ya kununua amplifaya ndogo ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti kwa umeme), zile amplifaya zinazoundwa kwa mkono na mafundi wa karakana ndogo. Nimeonyeshwa tatu: ya wati 5, ya wati 15 na ya wati 22. Mwenzangu mmoja ananiambia wati 5 hazitasikika kabisa, mwingine anasema hata 15 ni nyingi. Ninunue ipi, na nitajuaje kwamba ninalipia sauti na si jina lililoandikwa mbele?

Mpiga gitaa wa bendi ya watu wanne

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe ili usihangaike kulitafuta mwishoni. Kwa bendi yenye dramu halisi, katika ukumbi wa watu hamsini hadi mia moja, na gitaa lisilopitishwa kwenye mikisa, chukua ya wati 15 yenye spika moja ya inchi 12 inayoitika vizuri. Ya wati 5 itakufaa nyumbani, studio, na jukwaani siku ambayo kuna maikrofoni mbele yake. Ya wati 22 itakufaa iwapo muziki wenu unataka gitaa safi, lisilo na mkwaruzo wowote, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo, namba hizo zikisomwa peke yake zinapotosha, na ndiyo sababu wenzako wanabishana huku kila mmoja akiwa na ushahidi wake.

Sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu fedha. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji anakitambua lakini hakimshtui. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inapaswa kuzidishwa takriban mara kumi, yaani desibeli 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 haiizidi ya wati 5 mara kumi kwa ukubwa wa sauti. Inaizidi mara mbili hivi. Na kati ya ile ya wati 15 na ile ya wati 22 ulizoonyeshwa, tofauti haifiki hata desibeli 2. Ukichagua kati ya hizo mbili kwa sababu ya ukubwa wa sauti, utakuwa umechagua kwa sababu isiyokuwepo.

Kinachosahaulika katika mabishano haya ni spika, na hapo ningependa tukae kidogo. Kila spika ina kipimo kinachoonyesha inatoa desibeli ngapi inapopewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Celestion, watengenezaji wa spika za gitaa, wanaiandikia spika yao ya Greenback ya wati 25 desibeli 98, na Vintage 30 desibeli 100. Zipo spika za gitaa zinazoishia 94 au chini ya hapo, hasa zile ndogo za inchi 8 zinazowekwa kwenye amplifaya za chumbani. Fanya hesabu: tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Maana yake ni kwamba amplifaya ya wati 5 iliyofungwa kwenye spika ya desibeli 100 inasikika sawa na ya wati 20 iliyofungwa kwenye spika ya desibeli 94. Mwenzako anayesema wati 5 hazisikiki huenda aliisikia kwenye spika ya inchi 8, na huyo mwingine anayesema 15 ni nyingi huenda alisimama mbele ya spika kali. Wote wawili wamesema walichokisikia.

Niliyashuhudia haya katika chumba cha mazoezi. Tulikuwa na amplifaya ndogo yenye vali moja ya 6V6 na spika ya inchi 8, na kila mpiga dramu alipogusa matoazi, gitaa lilipotea kabisa, likabaki kama redio iliyoachwa chumba cha pili. Tukaizima, tukachomoa waya wa spika yake ya ndani, tukaunganisha boksi la spika moja ya inchi 12 lenye omu zilezile (kipimo cha ukinzani wa umeme), tukaiwasha tena. Kitufe cha sauti kilikuwa palepale tulipokiacha. Nilikuwa nimeweka alama kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi. Mpiga dramu alisimamisha vijiti katikati ya wimbo akauliza tumeleta amplifaya gani. Hatukuwa tumeleta kitu zaidi ya boksi.

Baada ya spika, swali linalofuata ni mahali ambapo sauti safi inaishia na mkwaruzo unapoanza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kununua amplifaya ya wati chache. Vali za mwisho, zile zinazosukuma spika, zina utamu wake zinapokaribia ukomo wa uwezo wao: noti zinavimba kidogo, ncha kali zinalainika, na ukipiga kwa nguvu umeme wa ndani hushuka kwa nukta kisha hurudi, hasa kama amplifaya inatumia rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja) ya vali kama 5Y3 badala ya dayodi. Vidole vinahisi jambo hilo kabla ya masikio, kwa sababu amplifaya inavuta pumzi pamoja na mkono wako. Amplifaya yako ya wati 85 ikiwa kwenye namba 3 haijafika huko na haitafika kamwe ndani ya ukumbi wa watu mia, na kwa miaka yote hiyo umekuwa ukisikia vali ndogo za mwanzo tu, zile zinazopokea sauti ya gitaa, huku zile kubwa zikiwa zimelala. Kwa hiyo unachotafuta ni amplifaya ambayo ubora wake unafika pale sauti inapolingana na mpiga dramu wako. Sisemi mpiga dramu wa wastani; nasema huyu wako. Kama anapiga kwa brashi na mkono mwepesi, wati 5 kwenye spika nzuri zinaweza kukutosha bila maikrofoni. Kama anapiga kwa bega zima, hata wati 15 zitaanza kukwaruza kabla hazijamfikia, na hapo utajua kama mkwaruzo huo unaupenda.

Usisahau pia kwamba masikio hayanunuliki. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya na usalama kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na muda huo unapungua kwa nusu kila sauti inapopanda desibeli 3, hata kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Spika ya desibeli 100 hufika hapo kwa wati 1 ukiwa umesimama mita 1 mbele yake.

Tuje sasa kwenye zile tatu ulizoonyeshwa. Hukunitajia majina yake, na si lazima, kwa kuwa kazi nyingi za karakana ndogo zina asili chache zinazojulikana. Ya wati 5 yenye vali moja ya nguvu karibu kila mara ni mjukuu wa Fender Champ ya miaka ya 1950, yenye 6V6 moja na kitufe kimoja cha sauti. Ya wati 15, kama ina vali mbili za EL84, asili yake ni Vox AC15 iliyotoka Uingereza mwaka 1958, au Marshall ya wati 18 ya katikati ya miaka ya 1960. Ikiwa na 6V6 mbili, huenda ni ya ukoo wa Fender Deluxe ya miaka ya 1950, ile iliyovikwa kitambaa cha rangi ya ngano, ambayo vitufe vyake vinakwenda hadi namba 12 lakini sauti huanza kukwaruza mapema sana, na kuanzia hapo kinachoongezeka ni mkwaruzo zaidi kuliko ukubwa. Ya wati 22 yenye 6V6 mbili na mwangwi wa springi bila shaka inafuata Deluxe Reverb ya miaka ya 1960, ambayo hubaki safi kwa muda mrefu zaidi na inapokea pedali za kubadilisha sauti bila malalamiko.

Tofauti ya koo hizi ni kubwa kuliko tofauti ya wati. EL84 ina mng'ao wa juu, noti zinatoka kama zimepigwa kwenye kengele ndogo, na gitaa linapenya katikati ya besi na dramu bila kuhitaji sauti kubwa; ndiyo maana katika bendi ya gitaa moja kama yenu ninaipendelea. 6V6 ni laini, yenye joto, na inamsamehe mpigaji, lakini ile ya ukoo wa zamani huwa inatoa sauti nzito zilizolegea, na ikikutana na mpiga besi mwenye mkono mzito, wawili hao watakanyagana. Msikilize mpiga besi wenu kwa makini kabla ya kuamua.

Ukitaka kujua unalipia nini kwa fundi wa karakana ndogo, kumbuka kwanza walikotoka. Ken Fischer, fundi wa amplifaya za Trainwreck aliyefariki mwaka 2006, aliunda amplifaya chache mno kwa mikono yake mwenyewe, na alizipa majina ya wanawake badala ya namba, kwa kuwa kila moja aliirekebisha hadi iridhishe sikio lake. Karakana ya Matchless ilianza Los Angeles mwaka 1989 ikiwa na nia ya kuifanya sauti ya AC30 ya Vox istahimili safari za kila usiku. Karakana ya Dr. Z ya Ohio ina amplifaya ya Carmen Ghia ya wati 18 yenye EL84 mbili na vitufe viwili tu, kimoja cha sauti na kimoja cha kung'arisha au kufifisha toni. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha thamani ilipo: mtu aliyekaa na sakiti moja kwa muda mrefu na kuisikiliza, transfoma nzuri, na kazi inayoweza kufunguliwa na kutengenezwa miaka ishirini baadaye.

Kuunganisha waya kwa mkono hakuleti sauti tamu peke yake. Bodi iliyochapishwa ya kiwanda (bamba lenye njia za shaba badala ya waya), ikiwa nene na imepangwa vizuri, inaweza kutoa sauti ileile. Faida ya kazi ya mkono inaonekana siku ya ubovu. Mwombe muuzaji akufungulie kifuniko cha nyuma, amplifaya ikiwa imezimwa na imechomolewa, utazame bila kugusa. Soketi za vali zimefungwa kwenye chuma cha chesisi, au zimelehemiwa kwenye bodi? Zikiwa kwenye bodi, joto na kuchomekachomeka vali kutaipasua risasi ya kulehemu siku moja. Vitufe je, vimekazwa kwenye chuma au vinaning'inia kwenye bodi? Waya wa kuingiza sauti unapita mbali na waya za umeme mkubwa, au zimelala pamoja kama nyuzi za mchuuzi? Madoa ya risasi yanapaswa kung'aa na kukumbatia waya pande zote; doa lililofifia na lenye chembechembe ni dalili ya kazi ya haraka. Mkono usiingie humo hata kama imezimwa, kwa kuwa kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti 300 hadi 400 au zaidi baada ya kuchomolewa, na hizo zinaua.

Uliza pia mchoro wa sakiti. Fundi anayekataa kuutoa anakuuzia mbuzi kwenye gunia, kwa sababu ikiharibika mbali na karakana yake hakuna atakayeisoma kwa urahisi. Na uliza aina za vali. ECC83, ambayo Wamarekani wanaiita 12AX7, pamoja na EL84, 6V6 na EL34 bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo utazipata. EF86, iliyokuwa kwenye AC15 za mwanzo, ina sauti ya kupendeza lakini ina tabia ya kuitikia mtikisiko, na ndani ya boksi moja na spika inaweza kuanza kulia yenyewe. Mimi nisingeipeleka jukwaani bila ya akiba mbili mfukoni.

Siku ya kuijaribu, nenda na gitaa lako na waya wako, uache pedali nyumbani. Iwashe, ikae dakika tano ipate moto, na usikilize kabla hujapiga chochote. Mvumo mdogo ni kawaida ya vali. Mvumo unaokulazimisha kupaza sauti unapozungumza si kawaida. Chukua penseli ya mbao uigonge taratibu kila vali ndogo: mlio mfupi wa kugongwa usikupe wasiwasi, lakini ikilia kama glasi iliyogongwa kijiko, ibadilishwe. Kisha fungua sauti hadi nusu, piga kodi ya E kwa nyuzi zote sita, kwa nguvu uitumiayo jukwaani na si kwa ile adabu ya dukani, uiache ife yenyewe. Sikiliza kama nyuzi nzito zinabaki na umbo au zinageuka tope. Sikiliza mkia wa sauti: unapaswa kufifia bila kukatikakatika. Ukisikia noti ya pili, isiyo yako, inatembea chini ya ile uliyopiga, uchujaji wa umeme hautoshi au kapasita zimechoka.

Baada ya hapo fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote. Bila kugusa amplifaya, punguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi nusu, upige kwa wepesi. Amplifaya nzuri itasafika pale pale, na bado itakuwa hai, yenye mng'ao. Ongeza tena, kaza mkono, irudi kukwaruza. Ikikupa safari hiyo yote kutoka kwenye vidole na kitufe kimoja cha gitaa, utakuwa na amplifaya utakayoitumia onyesho zima bila kuinama. Nimewahi kuacha amplifaya yenye sifa nyingi kwa sababu ilishindwa hapa: ilikuwa tamu ikiwa imefunguliwa, lakini sauti ya gitaa ilipopunguzwa ilikuwa kama imefunikwa blanketi.

Mwisho, omba kuisikia kutoka mbali. Mtu mwingine apige, wewe nenda mwisho wa chumba. Unayoisikia ukiwa umesimama juu yake, spika ikielekea magoti yako, siyo ile wanayoisikia waliokaa mbele.

Zipo amplifaya zenye kitufe cha kupunguza nguvu kwa ndani, kama Carr Mercury yenye EL34 moja na wati 8, na zipo zenye kitufe kikuu cha sauti. Vyote ni vizuri kuwa navyo, mradi usinunue amplifaya kubwa ukitegemea kuikandamiza kila usiku. Ukipunguza desibeli 3 au 6 sauti inabaki yenyewe. Ukizidi sana, spika inaacha kufanya kazi yake, na sikio nalo linabadilika, kwa kuwa sauti inapopungua sikio hupoteza besi na sauti za juu kabla ya zile za kati, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima tangu mwaka 1933.

SWALI: Nimepata amplifaya ya wati 15 iliyoundwa Marekani, nayo imeandikwa volti 120. Ninakoishi umeme ni volti 230. Muuzaji anasema nibadilishe plagi tu. Je, ni salama?

Msomaji mwenye plagi mkononi

JIBU: Usiichomeke. Transfoma ya volti 120 ikipewa 230 itapeleka karibu mara mbili ya umeme kwa kila kitu kilicho ndani, na ikiwa una bahati itakatika fyuzi, ikiwa huna itaungua transfoma, vali na kapasita kwa pamoja. Aliyekwambia ubadilishe plagi hajui anachouza.

Kwanza tazama nyuma au muulize aliyeiunda kama transfoma yake ina waya za volti zote mbili. Karakana nyingi huweka transfoma za namna hiyo, na kubadilisha ni kazi ya fundi ya muda mfupi, pamoja na kuweka fyuzi mpya, kwa sababu kwa volti 230 mkondo unapungua karibu nusu na fyuzi ya zamani itakuwa kubwa mno. Kama haina, tumia transfoma ya nje ya kushusha umeme. Hapo usitazame wati 15 za spika. Kinachohesabika ni wati inazovuta ukutani, ambazo kwa amplifaya ya namna hii zinaweza kukaribia 100, kwa kuwa vali zinakula umeme mwingi kujipasha moto tu. Chukua ya wati 200 au 300, isiyopata joto, na iwe na waya wa ardhi unaopita hadi kwenye amplifaya. Sharti hilo la mwisho usilikubalie mjadala: mikono yako imeshika nyuzi za chuma, midomo ya mwimbaji wenu inagusa maikrofoni ya chuma, na umeme ukipotea njia utapita baina yenu.

Jambo moja linatofautiana hata volti zikiwa sawa. Marekani umeme wao una mizunguko 60 kwa sekunde, sehemu nyingi nyingine una 50. Transfoma iliyobanwa sana kwa 60 itapata joto zaidi kwenye 50, kwa hiyo muulize muundaji kama ameikubalia 50. Swali hilo huchukua dakika moja, na jibu lake litakuonyesha pia kama unazungumza na mtu anayeijua kazi yake.

SWALI: Nilishanunua ya wati 5 yenye spika ya inchi 8 kabla ya kusoma safu yako, nayo naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupigia. Tatizo ni moja: kwenye maonyesho wenzangu hawanisikii, nami nikiifungua zaidi inakwaruza mno. Niiuze?

Mpenzi wa wati tano

JIBU: Usiiuze. Umeshapata sauti unayoipenda, na hilo ndilo gumu. Kuikuza ni kazi nyepesi kuliko kutafuta nyingine.

Kwanza iondoe sakafuni. Sauti za juu za spika hutoka mbele kama mwanga wa tochi, na tochi yako inamulika vifundo vya miguu. Iweke juu ya kiti au stendi, iinamishe nyuma kidogo hadi ielekee masikio yako na ya mpiga besi. Kama boksi lake liko wazi nyuma, acha nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili sauti ya nyuma ipate pa kupita. Wengine huona badiliko hilo peke yake limewatosha katika vyumba vidogo, na halikugharimu kitu.

Pili, boksi la nje la inchi 12, kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu, mradi omu zilingane na zile zilizoandikwa kwenye tundu la amplifaya, na waya uwe wa spika, si wa gitaa. Ichague spika inayobeba angalau mara mbili ya wati za amplifaya, kwa sababu amplifaya ya vali iliyofunguliwa hadi mwisho hutoa zaidi ya wati zilizoandikwa. Usiiwashe hata kwa dakika moja bila spika yoyote kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti itaumia bila kukupa onyo.

Tatu, na kwa ukumbi wowote wenye mikisa hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, weka maikrofoni. Shure SM57, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1965, ikiwekwa sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kitambaa cha mbele, si katikati kabisa ya spika bali kati ya kitovu na ukingo wake, itachukua sauti hiyo unayoipenda na kuipeleka kwa watu wote. Spika ya inchi 8 iliyosikika ndogo chumbani hushangaza inapopita hapo. Studio zimerekodi kwa amplifaya ndogo kama hizo kwa miongo mingi kwa sababu hii hii. Mwombe fundi mitambo akurudishie kidogo gitaa lako kwenye spika za jukwaani, upande aliko mpiga dramu. Ukikaribia kitovu cha spika sauti inakuwa kali, ukielekea ukingoni inakuwa laini, na sogeo la upana wa kidole linatosha kubadilisha kila kitu, kwa hiyo mkishapata mahali pake, chora alama ndogo ya chaki kwenye kitambaa ili wiki ijayo msianze upya.